Kumwosha Malkia Uso

Pikipiki ilipinda kushoto bila kuwasha taa.

Sindano naye akapinda kushoto.

Subaru yake ilisugua ukuta wa duka la vitambaa, kioo cha pembeni kikang'oka, na mwenye duka akatoka mbio kulitukana gari ambalo lilikwisha kufika mtaa wa pili. Mbele, jamaa wa Yamaha alikata kona moja baada ya nyingine kana kwamba barabara ilikuwa ya baba yake. Mgongoni alibeba begi jeusi. Ndani ya begi, kwa mujibu wa mtoa habari wa Idara ya upelelezi, mlikuwa na sarafu kumi na mbili za fedha zilizoibwa makumbusho, zenye umri ambao hata wasomi huutaja kwa kukisia.

"Anaingia mtaa wa maseremala," sauti ya Kengele ilisema redioni. Kengele alikuwa fundi mitambo wa Idara, mnene, mpole, amejifungia ndani ya gari la kusambazia mikate pamoja na kamera zake. "Huko mbele lori linashusha mbao."

"Pana nafasi ya kupita?"

"Ya paka."

"Safi."

Akakanyaga mafuta.

Jamaa aliliona lori akiwa amechelewa. Yamaha ililala ubavu, ikateleza juu ya maranda, ikaja kusimama chini ya kitanda kipya ambacho hakijapakwa vanishi. Alipojaribu kuinuka alikuta mdomo wa Beretta unamsubiri. Nyuma ya Beretta alisimama mwanamke mwembamba wa makamo, viatu vya raba, uso mkavu. Watu wa Idara walimwita Sindano kwa sababu ya wembamba wake. Waliowahi kupambana naye walijua sababu nyingine.

"Wewe ndiye Breki," alisema.

"Ndiye mimi."

"Mbona huna?"

Jamaa akatabasamu. Tabasamu hilo halikumpendeza Sindano hata kidogo. Mtu aliyekamatwa na mali ya wizi hutetemeka, au hulia, au hutaja jina la mjomba wake aliyeko polisi. Huyu alikaa juu ya maranda kama mtu aliyemaliza zamu na anasubiri mshahara.

Sindano akafungua begi. Ndani mlikuwa na kasha la mbao, na ndani ya kasha sarafu kumi na mbili, kila moja katika kishimo chake cha pamba. Alimjua vizuri mwanamke aliyechorwa juu yake. Malkia, ametazama pembeni, ushungi umemfunika kuanzia utosini hadi begani, pua tu na kidevu vikionekana. Hakuna ajuaye jina lake. Upande wa pili kulikuwa na mungu wa kike wa mavuno, naye amejitanda ushungi, ameshika suke la nafaka. Watu hao wa kale, mtu wao mkubwa walimfunika. Hawakuona haja ya kumwonyesha mzima kwa kila mwenye macho.

Akachukua sarafu mbili, akaziweka sambamba kwenye ubao wa seremala. Juu kidogo ya ushungi, kwenye ukingo, palikuwa na ufa mdogo. Sarafu zote mbili zilikuwa nao, mahali pale pale. Akachukua ya tatu. Ufa. Ya nne. Ufa.

Sarafu za kale ziligongwa kwa nyundo, moja moja, na mkono wa mtu haugongi mara mbili sawasawa. Hizi zilikuwa zimemiminwa kwenye kalibu kutokana na sarafu moja iliyokuwa mama yao, na zilirithi hata kovu lake.

"Kopi," aliiambia redio.

"Zote?"

"Zote. Nimefukuza vifungo vya koti."

Breki hakuwa na sababu ya kuficha. Alilipwa akimbie, aonekane akikimbia, na mwishowe akamatwe. Aliyemlipa anaitwa Pazia, na hakumwona. Alipewa kasha nyuma ya mlango wa jiko la hoteli kubwa iliyo karibu na bustani, na mtu aliyekuwa nyuma ya mlango alizungumza kwa kunong'ona tu. Ila alimsikia akisema kwenye simu kwamba mgeni atachukua mzigo mezani alasiri hii, kisha moja kwa moja uwanja wa ndege.

Pazia. Idara ililifahamu jina hilo kwa miaka. Vinyago, miswada ya ngozi, mlango mzima wa nakshi, vyote vilipita mikononi mwake kwenda ng'ambo, na hakuna aliyewahi kumwona uso.

Kengele alikuwa ameshaanza kubofya. Hoteli ya bustanini ilikuwa na maonyesho ya wakusanyaji wa sarafu alasiri hiyo, watu wachache, kwa mwaliko. Mgeni rasmi alikuwa Mkurugenzi wa makumbusho. Miongoni mwa waalikwa alikuwamo Mwambata wa ubalozi mmoja, ambaye ndege yake ingeruka jioni. Na mwambata ana mkoba wa kibalozi, mkoba ambao hakuna askari, mbwa wala mashine inayoruhusiwa kuufungua.

Sarafu zikiingia humo, zimekwenda.

Simu ikalia. Ilikuwa ya Mkuu wa Idara.

"Anua nguo," alisema Mkuu.

Idara ilikuwa na misimbo ya kompyuta ya kila namna, lakini Mkuu alikulia nyumba yenye kamba ya nguo na hakuamini kingine. Kuanua nguo maana yake acha kazi, rudi.

"Bado mbichi," Sindano alijibu.

Mkuu akaacha msimbo, akasema kwa lugha ya kawaida. Kesi hii inamhusu ndugu wa damu wa Sindano, na Sindano hakupaswa kuigusa tangu mwanzo. Sasa anasikia kuna mwanadiplomasia. Akiguswa hata ukucha, Idara nzima itakwenda kulima mchicha. Alimaliza kwa kusema hilo ni agizo.

"Nimesikia," alisema Sindano.

Alisikia kweli. Hakusema atafanya.

Ndugu huyo wa damu alikuwa mjomba wake, mhifadhi wa sarafu pale makumbusho tangu ujana wake. Mama yake Sindano alipofariki, mjomba ndiye aliyekuja na begi dogo, akamshika mkono, akasema twende nyumbani. Alimfundisha kusoma, kuogelea, na kutazama kitu kidogo kwa muda mrefu. Sasa mzee alikuwa rumande, analala sakafuni na wavunja nyumba, kwa sababu funguo za kabati zilikuwa zake. Mkurugenzi aliwaeleza polisi kwa masikitiko makubwa kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa utawala, hawezi kutofautisha sarafu ya kale na kizibo cha soda. Katika kabati lile sarafu halisi zilichanganywa na kopi za kuwaonyesha wanafunzi, na mwizi alichagua halisi tupu. Ni mhifadhi peke yake aliyeweza kuchagua hivyo.

Kesho angefikishwa mahakamani. Sarafu zikipaa leo, hakuna atakayezitafuta tena, na mzee atakufa akiitwa mwizi wa kitu alichokipenda kuliko chakula.

Sindano aligeuza Subaru kuelekea nyumbani.

Mkaza mjomba alikuwa jikoni, anakwangua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Hakuuliza maswali mengi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono, akaingia chumbani, akarudi amebeba kisahani cha kikombe. Juu ya kisahani, kwenye kitambaa, ilikaa sarafu nyeusi ya fedha. Malkia na ushungi wake.

Hiyo ilikuwa ya kumi na tatu. Mjomba aliinunua akiwa kijana, kwenye lundo la vyuma chakavu, kwa bei ya uzito, miaka mingi kabla zile kumi na mbili hazijafukuliwa. Hakuwahi kuipeleka makumbusho wala kumwonyesha mtu wa kazini, asije akasemwa kwamba anachanganya vyake na vya umma. Ndiyo iliyomtia ugonjwa wa sarafu.

Kisahani kilikuwa na maana yake. Wakusanyaji hawapokezani sarafu mkononi. Unaiweka mezani, juu ya kitambaa, unatoa mkono wako, ndipo mwenzako anaichukua kwa ukingo. Ikianguka inajulikana imeanguka mkononi mwa nani. Katika nyumba hii hata sukari ilipokezanwa hivyo. Kwa miaka yote hiyo mjomba hakuwahi kupokea sarafu kutoka mkono wa mtu, hata wa mkewe.

Sindano alinyoosha mkono dirishani, akachukua kopo la Brasso, lile la kung'arishia vitasa.

Mkaza mjomba akalitazama kopo, akaitazama sarafu. Aliijua amri ya kwanza ya nyumba hii. Weusi ule juu ya fedha, mjomba aliuita ngozi. Umechukua mamia ya miaka kuota, na ukishasuguliwa haurudi. Sarafu iliyosuguliwa, kwa wakusanyaji, ni maiti iliyopakwa wanja.

"Mwanangu, hiyo sarafu aliipenda kabla hajanipenda mimi."

"Najua, mama."

"Akijua, atatutaliki wote wawili."

"Najua."

Mwanamke alisogeza kisahani karibu na kopo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa siku nyingi za kulia, lakini sasa yalikuwa makavu.

"Basi isugue vizuri," alisema.

Alasiri hiyo mjane mmoja aliingia hoteli ya bustanini, na mwaliko uliochapwa na Kengele mkononi. Gauni jeusi, glavu nyeusi, shela nyeusi iliyoshuka kutoka kichwani mpaka kifuani, akawa anaonekana kama kivuli chenye mkoba. Beretta ilibaki kwa Kengele, kwa sababu mlangoni palikuwa na walinzi na kifaa cha kukagua vyuma. Kifaa kililia kwenye mkoba. Mlinzi akatoa kopo la Brasso, akaligeuza geuza.

"Na hii, mama?"

"Mimi mjane, baba. Hata vitasa nasugua mwenyewe."

Mlinzi akacheka, akamrudishia. Alikagua sarafu pia, akairudisha, maana humo ndani kila mtu alikuwa na sarafu.

Ukumbi ulikuwa mdogo na wa baridi. Meza moja ndefu, kitambaa cha kijani, taa za kuinama, vitrei vya mahameli. Sindano aliwahesabu kwa jicho moja. Daktari wa Meno mstaafu, aliyebeba lenzi shingoni. Bibi Manukato, mfanyabiashara mnene mwenye harufu iliyomtangulia. Mwambata, suti ya kijivu, mkoba wenye lakiri miguuni. Na kichwani mwa meza Mkurugenzi, mzee mtanashati, sauti laini, nyuma yake mlinzi binafsi. Mbele yake palikuwa na glasi ya maji na kikasha cha plastiki cha buluu, kile chenye vijumba vya dawa za wiki nzima, asubuhi na jioni. Kila mtu makumbusho alijua habari za shinikizo lake la damu.

"Nakuona," Kengele alinong'ona sikioni mwake. "Kamera ya dari nimeipata. Mkuu anapiga simu kila saa."

"Mwambie nafua."

Mkurugenzi alikuwa amemaliza hotuba ya ufunguzi. Aliwachekesha kwa kusema kwamba yeye kwake sarafu ni chuma chenye sura, na kwamba anawaonea wivu wenye macho ya kuona zaidi.

Mjane akaomba kusema. Kwa sauti ya chini alieleza kwamba marehemu mume wake alikuwa mkusanyaji, na yeye anajifunza taratibu. Leo asubuhi amenunua sarafu moja barabarani, kwa jamaa wa pikipiki aliyekuwa na haraka. Angependa wataalamu wamwambie kama ametapeliwa.

Akaitoa. Akaitupa mezani.

Fedha ya kale ina sauti yake. Ililia juu ya ubao chini ya kitambaa, ndefu na nyembamba, na shingo zote zikageuka.

Hapo ndipo mjane alipoanza kukosa adabu. Aliiokota, akazunguka meza, akimpa kila mtu mkononi. Daktari wa Meno alirudisha mikono nyuma kana kwamba amepewa kaa la moto, akamwonyesha kitambaa. Bibi Manukato alimwambia wazi kwamba marehemu mume wake alimwacha bila mafunzo. Mwambata aliipokea kiganjani bila wasiwasi, akaweka dole gumba juu ya uso wa malkia, akatikisa kichwa, akamrudishia. Kwa hiyo Mwambata hakuwa mkusanyaji. Alikuwa mchukuzi tu, mwenye suti nzuri.

Ikabaki zamu ya Mkurugenzi.

Akamnyooshea sarafu. Mkurugenzi hakunyoosha mkono. Macho yake yakiwa kwa malkia, kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye kitrei cha mahameli, kikakisukuma taratibu mbele ya mjane, kikasubiri.

Mtu asiyejua tofauti ya sarafu na kizibo.

Damu ilimpanda Sindano hadi masikioni. Siku zote mzee huyu alikuwa akienda nyumbani kwa mjomba, anakunywa chai, anauliza maswali ya kijinga makusudi ili ajibiwe. Alichota elimu ya rafiki yake kikombe kwa kikombe, kisha akamfunga nayo. Sindano alitamani kumpiga pale pale. Lakini kusukuma kitrei si kosa mahakamani. Na zile kumi na mbili bado hakujua ziko wapi.

"Ni chafu mno," alisema mjane. "Hata sura haionekani."

Akarudi mahali pake, akafungua mkoba, akaweka kopo mezani.

Daktari wa Meno alisoma jina la kopo, akafunga macho.

Mjane alimimina. Akachukua kitambaa, akaanza kusugua kama mtu asuguaye kijiko. Weusi ulitoka, ukapaka kitambaa. Shavu la malkia likaanza kung'aa, jeupe, jipya, la aibu. Moyo wa Sindano ulimuuma kweli kweli. Kila mzunguko wa kitambaa alikuwa akifuta mapenzi ya mjomba wake, na hakupunguza nguvu.

"Wewe mama, una akili timamu?" Bibi Manukato alisema.

"Ni yangu. Nimelipa."

Kitambaa kikapanda kutoka shavuni kuelekea ushungi.

"Usiguse ushungi!"

Mkurugenzi alikuwa amesimama. Sauti laini ilikuwa imekwenda. "Huo una mikunjo sita, mpumbavu wewe! Zile nyingine zote mkunjo wa sita umefutika! Zote! Hakuna nyingine duniani!"

Mjane alitua kitambaa.

"Na kizibo cha soda kina mikunjo mingapi, Mkurugenzi?"

Akili ilikuwa imekwisha kumtoka mzee, na wazo moja lilikuwa likimla. Jamaa wa pikipiki. Makasha mawili yanayofanana, moja la kopi, moja la halisi. Je, alichanganya? Je, aliibiwa moja? Na yule malkia mwenye mikunjo sita alitoka wapi? Mkono wake ulikwenda kwenye kikasha cha dawa. Aliuona ukienda, alijua haupaswi kwenda, na hakuweza kuuzuia. Akafungua Jumatatu asubuhi. Akafungua Jumatatu jioni. Ndani ya kila kijumba, katika pamba, alikaa malkia mweusi na ushungi wake.

Zilikuwa zimetengwa moja moja zisikwaruzane. Mwizi wa kawaida angezitia ndani ya soksi.

"Kengele."

"Nimeona. Polisi wako ngazini."

Mwambata naye aliona. Alivuta mkoba wenye lakiri, akaufungua kinywa, na mkono wake mwingine ukaruka kuelekea kikasha.

Sikioni sauti ikabadilika. Ilikuwa ya Mkuu mwenyewe.

"Usimguse! Umenielewa? Usimguse huyo mtu!"

"Simgusi," alisema Sindano.

Akashika kitambaa cha kijani kwa mikono miwili, akavuta.

Glasi, taa, lenzi na vitrei viliruka. Mkono wa Mwambata ulitua juu ya ubao mtupu. Kikasha cha buluu kiliteleza na kitambaa chake urefu wote wa meza, kikapita mbele ya Daktari wa Meno, kikaja kutulia tumboni mwa mjane, vifuniko vingine vikiwa bado vimefungwa. Akakikumbatia.

Mlinzi wa Mkurugenzi alichomoa bastola. Ilikuwa Glock, na iliishia nusu ya njia. Sindano alimmwagia Brasso iliyobaki machoni. Alipopiga yowe na kuinama, pochi ya Bibi Manukato, yenye chupa za manukato ya biashara ndani, ilimshukia mkononi. Bastola ikaanguka. Bibi Manukato akaweka kiatu juu yake.

"Mtu anavuruga mnada kwa bastola," alisema kwa hasira, ingawa hapakuwa na mnada.

Mwambata alijinyoosha, akarekebisha tai. Alieleza kwa ubaridi kwamba yeye ana kinga, na kwamba kikasha kile ni mali ya ubalozi wake.

"Dawa za shinikizo la damu?" Sindano aliuliza. "Za ubalozi mzima?"

"Umeniwekea mikono."

"Nimeweka mikono kwenye kitambaa. Kamera ipo juu yako, itazame utabasamu."

Polisi waliingia. Mwambata alifunga mkoba wake mtupu, akatoka bila kuaga. Kinga yake ilikuwa nzima, nayo ilikuwa haina kitu ndani.

Ndipo mjane akafunua shela, akaitupa nyuma ya mabega. Mkurugenzi alimtazama kwa muda, akiutafuta uso huo kumbukumbuni. Alimpata akiwa msichana, anapitisha visahani vya chai.

"Mpwa wake," alisema.

"Mpwa wake."

Pingu zilipofungwa hakuzitazama. Alikuwa akiitazama sarafu iliyookotwa na kuwekwa mezani, nusu ya uso nyeupe, nusu nyeusi. "Umeiharibu," alisema. "Ilikuwa bora kuliko zangu zote."

"Zako?"

Waliompeleka walilazimika kumsukuma kidogo, kwa sababu aliendelea kugeuka nyuma.

Mkuu alizungumza kwa simu muda mrefu jioni ile. Kulikuwa na maneno ya nidhamu, na barua ya ubalozi, na waziri. Sindano alisikiliza akiwa amekaa juu ya boneti, anakula mkate wa gari la Kengele. Mkuu alipoishiwa pumzi, Sindano alimjulisha kwamba nguo zimeanuliwa, zimekunjwa, na hakuna hata moja iliyolowa. Kisha Mkuu akauliza kama kweli mtu anaweza kujulikana kwa mikunjo ya ushungi. Akaambiwa anaweza.

Asubuhi yake lango dogo la rumande lilifunguliwa, na mjomba akatoka na begi lake dogo. Alikuwa amekonda. Jambo la kwanza kuuliza lilikuwa kama zile kumi na mbili zilifungwa kwa pamba. La pili lilikuwa habari za mkewe. Alipoambiwa kwamba mwizi ni Mkurugenzi, na ndiye Pazia, alisimama katikati ya njia.

"Alikuwa akija kwangu kunywa chai," alisema.

Sindano alitoa kitambaa cha mfukoni, akakitandaza juu ya boneti ya Subaru, akaweka sarafu, akaondoa mkono wake. Risasi zilikuwa zimewahi kumkosa kwa unywele na hakuogopa alivyoogopa sasa.

Mjomba aliinama. Nusu ya malkia iling'aa kama kijiko cha dukani. Kitambaa kilikuwa kimefika kwenye ukingo wa ushungi, kikaishia hapo.

"Brasso," alisema mjomba.

"Brasso, mjomba."

"Nani alikupa?"

"Mkeo."

Mzee alitoa sauti ambayo Sindano alidhani ni kilio. Kumbe alikuwa anacheka, na machozi yalikuja baadaye, katikati ya kicheko, akayaacha yashuke. Askari wa lango aliwatazama, akageukia upande mwingine.

Mjomba hakuiokota sarafu. Alinyoosha kiganja chake, akakifungua.

"Nipe."

"Mkononi, mjomba?"

"Mkononi."

Akaichukua kutoka kwenye kitambaa, akaiweka katikati ya kiganja cha mzee. Mjomba alifunga vidole vyote vitano juu ya uso wa malkia, akaviacha vimefungwa.

Simu ikatetemeka. "Nguo ziko kambani," Mkuu aliandika, maana yake kuna kazi mpya.

"Leo sifui," Sindano akajibu. Akavaa miwani ya jua, akamfungulia mjomba mlango, akaondoa gari lenye kioo kimoja cha pembeni kuelekea nyumbani.